Gari la mjomba fundi viatu: nianze kufumua wapi?

Mwalimu wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Nina swali refu kidogo, naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kucheka.

Mwezi wa tatu nilinunua Corolla AE100 kwa mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja. Ya mwaka 1994, injini 5A, gia za mkono, namba A. Bei milioni 3. Nimetanguliza 2, iliyobaki namalizia kila mshahara ukitoka. Nalisema mapema ili mtu asije akaniandikia "mrudishie gari lake". Huyu ndiye aliyenipelekea posa. Siwezi.

Mjomba ni fundi viatu. Kibanda chake kiko Dumila, karibu na stendi, na kwa viatu sijaona mkono kama wake: soli aliyoishona yeye, ngozi itaoza uzi ubaki. Tatizo ni kwamba gari hili kwa miaka yote hiyo halikuwahi kuingia gereji. Kila lilipougua alilitibu mwenyewe hapo hapo kibandani, kwa alichonacho: sindano, uzi wa nailoni, gundi, mpira wa tyubu na matairi ya kukatia makatambuga.

Nawatajia niliyokwisha kuyaona.

Mpira wa juu wa rejeta ulipasuka zamani. Ameuvalisha turubai na kulishona kwa mshono wa soli, ule wa kwenda na kurudi, juu yake akazungushia ukanda wa tyubu na kukaza kwa waya wa kufungia nondo. Nilisimama nikauangalia muda mrefu. Mishono imelingana utadhani imepigwa na mashine. Hauvuji, unatoka jasho tu.

Mfuniko wa rejeta hauna ule mpira wa ndani. Nilipomuuliza akasema aliutoa makusudi, "maji yapumue". Themostati, kile kilango cha maji ya injini, haipo, imebaki nyumba yake tupu. Maji ya rejeta yana rangi ya pilau. Nikadhani kutu, kumbe manjano, pakiti mbili, za kuzibia tundu. Feni inazunguka tangu nikiwasha mpaka nikizima, hata asubuhi ya Julai baridi ikiwa inashuka kutoka Uluguru. Na mahali pa fyuzi yake pamekaa waya wa shaba.

Bushi za wishiboni, ile mikono inayoshika magurudumu ya mbele, kazichonga kwa tairi. Nikipanda tuta, mbele panagonga ko-ko-ko kama mgeni mlangoni. Yaani gari limevaa makatambuga. Mpira wa sivi jointi ya kushoto, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu, nao umeshonwa, na grisi inatokea kwenye matundu ya sindano tu, si kwingine.

Tangi la mafuta lina sabuni ya mche imegandamizwa kwa chini, juu yake kiraka cha ngozi kimegundishwa. Nikijaza zaidi ya nusu harufu inaingia ndani, kwa hiyo sijazi.

Ile taa ya injini kwenye deshibodi ameiziba kwa kipande cha ngozi nyeusi, kidogo kama ukucha, kimekatwa kwa ustadi mpaka nilikaa wiki mbili bila kukigundua. Anasema ilikuwa inamuumiza macho usiku. Boneti linafungwa kwa mkanda wa suruali, na bizimu yake.

Kwa haki niseme na mazuri. Viti kavishona upya vyote vitano kwa ngozi, mshono wa mistari miwili, na kava la usukani limeshika mkono kama glovu. Mkuu wangu wa shule alipanda siku moja akauliza kama gari ni jipya. Alikuwa hajasikia hodi ya tuta.

Kitu kingine kidogo: gurudumu la nyuma kushoto halina breki. Silinda yake ilikuwa inavujisha, mjomba akaikunja paipu na kuipondaponda kwa nyundo. Ila zile tatu zinashika vizuri.

Petroli linakunywa, lita moja kwa kilomita 8. Mfuko wangu ni laki tatu mwezi huu, laki mbili mwezi ujao. Nianze kufumua wapi, na kipi naweza kukiacha kilivyo?

La pili si la ufundi. Kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia. Hamuulizii mke wangu wala watoto. Anasema, "Mjomba, huyo mtoto anaendeleaje?" Mtoto ni gari. Namwambiaje?

Mla Kona

Nimesoma mpaka mwisho kwanza kama ulivyoagiza. Swali dogo tu, Mwalimu: sevisi anamwaga oili au anapaka kiwi?

Gereji Bubu

Mwalimu, umeeleza vizuri ila umepanga vibaya. Hicho ulichokiita kitu kingine kidogo ndicho cha kwanza. Hayo mengine yatakulaza njiani. La breki halitakulaza njiani.

Gari hilo breki zake zimegawanywa njia mbili kwa mshazari. Mbele kulia iko pamoja na nyuma kushoto, mbele kushoto pamoja na nyuma kulia. Paipu iliyokunjwa bado inabeba presha ya mguu wako kila ukikanyaga. Chuma kikikunjwa, kutu inaanzia kwenye mkunjo. Siku ikipasuka, mafuta ya njia nzima yanamwagika, na breki ya mbele kulia inakwenda nayo. Unabaki na mbili huku pedali inazama. Na hata isipopasuka, kanyaga kwa nguvu kwenye lami iliyolowa uone: nyuma unashikwa na gurudumu moja, gari linataka kugeuka liangalie lilikotoka.

Nunua silinda ndogo mbili, ya kushoto na ya kulia, maana zimezeeka pamoja. Paipu mpya. Fungua dramu uangalie breki shuu. Zikiwa zimelowa mafuta ya breki usikubali fundi azisuuze kwa petroli akurudishie, badili. Mwaga mafuta yote ya breki, weka DOT 3 ya kopo lililofunguliwa siku hiyo hiyo mbele yako, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Toa upepo magurudumu yote manne. Likiisha hilo ndipo tuongee mengine.

Sasa upande wa maji, hapa mjomba wako kanifurahisha. Wewe umeona makosa matano. Mimi naona moja lililozaa.

Mpira ulipasuka, akaushona. Mshono hauwezi presha, na mfuniko wa gari hilo unazuia presha ya karibu baa 0.9, utaona imeandikwa juu yake. Akajua akifunga mfuniko mzima mshono utafumuka, akatoa mpira wa ndani. Hapo alifikiri kama fundi kabisa. Lakini maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 100, yenye presha hiyo hufika karibu 120. Kwa hiyo likaanza kuchemsha milimani. Akatokea mjuaji akamwambia chomoa themostati. Themostati ya injini hiyo ina kisahani cha pili kwa nyuma: ikifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiichomoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengine yanarudi kwenye injini na moto wake bila kuiona rejeta. Matokeo yake tambarare injini ni baridi, mlimani inachemsha. Ndipo feni ikafanywa izunguke muda wote. Feni isiyopumzika inachoka, inavuta umeme mwingi, inakata fyuzi. Ikikata mara ya tatu mtu anachoka naye, anaweka waya.

Ukianza na waya wa fyuzi umeanzia mkiani. Anza na mpira wa rejeta. Halafu mfuniko, themostati na gasketi yake. Rejeta ifunguliwe ikwanguliwe, maana manjano hayachagui tundu: yameziba linalovuja na yameziba njia za maji pia. Kisha weka kulanti, siyo maji ya kisima.

Na kuhusu feni: tafuta swichi yake, utakuta waya umechomolewa tu, haujakatwa. Kwenye Toyota hizi swichi inafanya kazi kinyume na unavyodhani. Injini ikiwa baridi swichi imeunga, ikifika kama nyuzi 93 inakata, na ikikata ndipo feni inazunguka. Kwa hiyo ukiuchomoa waya, feni inadhani injini imechemka milele. Urudishe, kisha weka fyuzi ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi lake.

Bushi za tairi zisubiri mwezi ujao. Bushi halali mpira wake umeshikamana na chuma ndani na nje, unajinyonga na kurudi. Wa tairi haujashikamana na kitu, unateleza na kula chuma. Pima alaimenti baada ya kubadili, siyo kabla. Sivi jointi: mchanga ukiingia kwenye hayo matundu ya sindano utaanza kusikia ka-ka-ka ukikata kona, na hapo ni jointi nzima siyo mpira.

Viti usiguse.

Kijana wa Msamvu

Tangi si tatizo. Lishushe, mwaga mafuta, peleka wachomelee kwa gesi, dakika kumi unaondoka.

Gereji Bubu

Kijana, usimwue mwalimu wa watu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Petroli yenyewe haipasuki, kinachopasuka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na tangi "tupu" limejaa huo. Wanaojua hulisuuza, hulijaza maji mpaka karibu na tundu, ndipo wanasogeza moto. Wasiojua utawasikia mtaa wa pili. Mwalimu, tafuta tangi lililotumika.

Na kuhusu sabuni, mjomba hakukosea. Petroli haiyeyushi sabuni. Inayoiyeyusha ni maji. Kiangazi inakaa, masika ukipita kwenye dimbwi inaanza kuondoka kidogo kidogo, na wewe uko Morogoro.

Dereva Mstaafu

Mwanangu Mwalimu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa.

Miaka ya 80 nilikuwa naendesha Land Rover 109 ya serikali, njia ya Songea kwenda Tunduru. Spea hazikuwepo kwa sababu fedha za kigeni hazikuwepo. Ngozi ya pampu ya mafuta ilipochanika tulifunga dumu la petroli juu ya paa, tukashusha mpira hadi kwenye kabureta, likawa linajinywea lenyewe kama mgonjwa wa dripu. Turnboi alikaa juu kushika dumu, na sigara zake nilimnyang'anya. Jani kuu la springi lilipovunjika tulichonga gogo, tukalifunga kwa kamba ya katani, tukafika. Hayo yote nimeyafanya kwa mikono yangu na siyaonei haya.

Lakini tulikuwa na desturi. Gari likiwa na kitu cha namna hiyo, unafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Dereva atakayelichukua kesho akikiona haondoi gari mpaka amekutafuta umwambie. Nilishawahi kuamshwa saa kumi usiku kwa ajili ya kitambaa.

Wengine walikuwa wanaweka ndizi mbichi kwenye difu, lile boksi la gia za ekseli. Difu likilia, unasukumiza ndizi ndani, mlio unanyamaza siku kadhaa, mnunuzi anaondoka anatabasamu. Ule si ufundi, ni wizi wenye grisi.

Mjomba wako simweki huko. Kila ulichomuuliza amekujibu. Ila kile kiraka cha taa, hapo mimi ningemuuliza tena.

Mwana wa Likoni

Huku Mombasa teksi nyingi zimepita mikono ya jua kali na zabeba watu kila siku, kwa hivyo sicheki. Mimi nilimpata makanika amenifungia eksozi kwa mkebe wa maziwa na klipu mbili. Ulidumu miezi minane. Nilipomrudia nimlipe aniwekee ya sawa, akanambia, "Mkebe hata rangi haijatoka, waharakia nini?"

Mwalimu wa Kihonda

Dereva Mstaafu, shikamoo mzee wangu, na unisamehe. Gereji Bubu, nimesoma hilo la breki nikaenda nje na tochi, nikalala chini. Paipu kwenye mkunjo imeshaota kutu kama ulivyosema, na pana unyevu. Kesho naenda kazini kwa daladala. Nitarudi na taarifa.

Mwalimu wa Kihonda

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili na nusu zimepita.

Breki zimekwisha: silinda mbili, paipu, breki shuu, DOT 3, upepo umetolewa. Ile ya kulia niliyodhani nzima, fundi alipofunua mpira wake maji machafu yakatiririka. Ilikuwa njiani kufuata mwenzake.

Maji yamekwisha: mpira, mfuniko, themostati, rejeta imekwanguliwa. Lilitoka tope la njano, fundi akauliza kama tulikuwa tunapika. Waya wa swichi ya feni tumeukuta unaning'inia kweli, haujakatwa. Ila mjomba alikuwa ameuvalisha kofia. Kikofia cha ngozi, kimeshonwa kwa mkono, saizi ya kifundo cha kidole, kuzuia maji yasiingie kwenye plagi. Fundi alikiweka kiganjani akawaita wenzake waje waone. Sasa feni inakaa kimya, inawaka, inazima. Siku ya kwanza nilisimama pembeni kuisikiliza kama mtu anayesubiri simu.

Tumebandua kiraka cha deshibodi. Taa ikawaka. Fundi akaunga TE1 na E1, pini mbili za plagi ya kupimia hitilafu, kwa kipande cha waya, taa ikaanza kukonyeza: mara mbili, kimya, mara moja. Hitilafu namba ishirini na moja, sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi ili injini ijue itie petroli kiasi gani. Kumbe petroli nililokuwa nalipia lilikuwa linatangazwa pale pale mbele yangu, chini ya ngozi. Sensa iliyotumika imepatikana, na pamoja na themostati sasa linakwenda kilomita 12 kwa lita.

La mjomba. Nilipanga maneno ya kumwambia, sikuyatumia. Jumamosi alikuja mwenyewe na basi bila kupiga simu. Nilikuwa nimeweka vitu vyake vyote kwenye boksi la maandazi barazani, sikuwa nimewahi kulificha. Akalikuta kabla ya kukaribishwa kiti.

Akauchukua ule mpira wa rejeta. Akatoa wembe mfukoni, akakata ukanda wa tyubu, akafunua turubai, akaanza kupitisha ukucha juu ya mishono, mmoja mmoja, mpaka mwisho.

"Uzi haujakatika," akasema.

"Haujakatika, mjomba."

"Huo mpya umenunua shilingi ngapi?"

Nikamwambia elfu kumi na nane. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Turubai peke yake lilinila elfu ishirini na tano! Na gundi! Mimi nilidhani hizo mali za gereji zinauzwa kwa dola."

Nikamuuliza kuhusu kiraka cha taa kama mzee alivyonielekeza. Hakucheka. Alisema mwaka ule mama mkubwa alikuwa anaumwa, anampeleka kliniki Morogoro kila wiki na hili gari, na kila taa ile ilipowaka mama mkubwa alikuwa anaikodolea macho na kuuliza kama watafika. Nikaliacha swali hapo.

Tukazunguka nalo mpaka Bigwa na kurudi. Kwenye matuta akawa anatega sikio na kuguna. Kiraka kakibandua na kukitia mfukoni, kofia ya waya kaniachia. Bushi tunabadili mwezi ujao, na ameniagiza nisizitupe zile za tairi, zitamfaa kwa visigino. Mkanda wa boneti unabaki, huo tumekubaliana.

Tangi bado. Sabuni nimeiongeza kwa mkono wangu mwenyewe juzi, na kuanzia siku hiyo nimefunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Mke wangu hulitumia Jumatano. Mwenye tangi la AE100 lisilo na kutu, Moro au Dar, anishtue.